Mama Anapita Kamina

Siku ya posho, 6/2/1993

Hakuna mwanamuke mu Bel-Air yote ya Lubumbashi mwenye bahati kama miye, Laurentine. Naandika ile kwanza, ibaki! Nilifika Ndola, nilifika Lusaka, nilikunywa chai na Bahindi mu magazini yabo, na badouanier ba ku mupaka ya Kasumbalesa bananiitaga Madame Présidente. Haiko juu ya sura. Ni juu ya kinywa! Inchi inaanguka, feza ya asubui bantu banaikataa mangaribi, bakubwa banapigana kule yulu — miye niko nauza nguo zangu za salaula, zile Bazungu balivaa kwanza. Bantu bote banalia lakini bote banavaa.

Na bahati kubwa kupita zote: bwana. Kasonde yangu ni Mubemba wa Kasenga. Kwabo, mukwe na mama mukwe habaangaliane. Mama akipita, mukwe anageuza uso, anazunguka nyuma ya nyumba. Tangu mama yangu alikuya kukaa kwetu, Kasonde alikuwa anamusalimia kupitia mulango — hata mulango ulichoka kutafsiri! Lakini sasa kichwa ya mama inaanza kupotea. Na Kasonde mwenyewe, muntu wa shati nyeupe, muntu wa biro, alichukua kiti akakaa mbele yake. Uso kwa uso! Anamuuliza polepole, anamungojea ajibu. Bamama ba avenue banasimama ku lupango yetu kuangalia kama ni sinema. Julienne wa ngambo alisema: "Weye, hata nikianguka mu kisima, bwana yangu ataita kwanza bandugu yake bakuye kuangalia."

Nilicheka. Lakini nilijiona mukubwa, nasema kweli.

Lelo mama alipika mafungulo mu sombe. Tulitafuta mafungulo nyumba muzima. Mutoto mukubwa njo aliyakuta, mu kinywa.

Kazi tatu, 10/2

Nilienda kuona masœur Léonie, mutawa wa ku dispanseri. Muzee kabisa, lakini macho kama ya polisi. Alinipatia maneno, sikuandika pale, naandika sasa mbele na miye nisahau:

Usimuulize mama "unakumbuka?" Ile ni kumupiga. Umupatie njia, hapana mutihani. Kila kintu pahali pake, na isihame. Kazi ya mikono aifanye, hata vibaya. Rangi ku milango. Na utafute mu kichwa yake kintu chenye kingali nguvu, bintu bingine ubifunge pale kama mbuzi ku muti.

Sawa! Miye niko na vitambaa kupita kanisa. Nilifunga nyekundu ku mulango ya choo, juu nyekundu inaonekana mbali. Mama alitoka, aliona nyekundu — alipiga goti! Alama ya musalaba, kichwa chini. Mu kichwa yake nyekundu ni taa ya Sakramenti. Mutakatifu wa kwanza wa choo mu Katanga yote! Kasonde alitoka inje kucheka, hakutaka mama mukwe amusikie. Niliweka kitambaa ya kijani. Sasa anaenda vizuri, na hakuna kuabudu.

Papa Osée alifika mangaribi. Ni jirani, chef de gare wa zamani, mukubwa wa stesheni, anapita mama miaka lakini kichwa yake haina kutu. Kila asubui akinawa uso anataja ma-gare yote, kwenda na kurudi, haruke hata moja. Banasema ni kizee chenye wazimu. Yeye anasema ni dawa. Alimuangalia mama, alisema: "Muke wa cheminot, wa muntu wa reli. Jaribu train. Train haitoke mu damu."

Yenga, 14/2

Papa Osée ni profesa! Tulikaa inje kisha misa, yeye, Kasonde, miye, mama katikati na sahani ya karanga ya kumenya, juu mikono isikae bure. Papa Osée aliita: "Lubumbashi!" Na mama, bila kufikiri: "Likasi. Tenke. Bukama. Kamina." Kama muntu anasali rozari! Miye nilipiga bigelegele.

Basi tulifunga mbuzi. Lubumbashi: anaamka, anasalimia. Likasi: ananawa uso. Tenke: dawa yake ya tension. Bukama: anakula — Bukama ni samaki, ile hawezi kusahau. Kamina: rozari. Ku Kamina reli zinaachana, kwetu tunashika ya Kabongo, kwa papa yangu Pierre, Mungu amulaze pema. Kwa hiyo Kabongo: anashuka, analala. Siku muzima juu ya reli moja! Hata mu Ulaya habana ile.

Kintu kimoja. Papa Osée aliuliza: "Na nyuma ya Kamina, mama?" Mama alijibu: "Kaniama. Luputa."

Nilimwambia hapana, mama, ile ni reli ya Kasai. Siye tunageuka, Kabongo. Alirudilia: Kabongo. Lakini aliniangalia kama muuzaji amemurudishia chenji mubaya.

Papa Osée aliendelea kumenya karanga. Kasonde pia.

Kazi mbili, 16/2

Bantu banatoka Likasi na bipande vya masikio, vile tunasemaga: habari hazina kichwa. Bakasai banafukuzwa mu manyumba, banaambiwa barudi kwabo. Banalala ku gare, banangoja train yenye haikuye. Hapa Lubumbashi bado, lakini vijana banapita na chaki. Ku mulango ya Papa Osée, yeye wa Mwene-Ditu, kule Kasai, baliandika BILULU. Wadudu! Muntu alipokea matrain ya mufalme na bendera mukononi!

Nilienda na ndoo na brashi nifute. Alinikataza. Alisema, binti yangu, acha, ukifuta batakuya kuandika ku yako.

Nilicheka. Nilisema miye ni wa Kabongo, Mukatanga kabisa, nani atanigusa!

Kazi tano, 26/2

Nilirudi jana toka Kasumbalesa. Balo za nguo kidogo tu, barabara mubaya, kinywa kilifanya kazi yote. Mama iko muzuri sana! Kasonde aliniambia bametembea na train kila mangaribi. Mama anajua choo, anajua dawa. Batoto banamuuliza "nkambo, tuko wapi?" — anajibu "Tenke," na mukono uko juu ya kidonge.

Lelo nilikuwa namusuka. Tulikuwa siye babili tu. Alianza kuimba, na ile haikukuwa Kiluba ya papa. Ni Tshiluba ya Kasai, kabisa, vile Papa Osée anaongeaga na bibi yake. Niliacha kusuka. Kisha nilimuuliza — samahani masœur — "Mama, Luputa kuko nani?"

"Kuko mama yangu."

Alisema kama muntu anasema kuko chumvi mu kabati. Yeye mwenyewe alikuwa anauza mihogo ya kuchoma ku gare ya Luputa. Papa Pierre alikuwa anatumika mu train. Aliinunua yote, siku tatu kwa mufululizo, mafundi bote balikula mihogo mpaka balimutukana. Alimuoa. Mu njia alimwambia: ku Lubumbashi bakikuuliza, sema Kabongo, ni kwetu, ni kwako pia. "Nilisema Kabongo," mama alisema. "Nilisema mpaka kinywa kilichoka."

Na kisha aliuliza miye ni mutoto wa nani, nasuka vizuri hivi.

Mawe! Maisha yangu yote! Nilimutunza, nilimupeleka kuoga, nilipigana na bashemeji juu yake, na hakuniambia. Nilitaka kukasirika. Utamukasirikia nani? Mwenye alinificha alishatoka mu nyumba, alibakisha mwili ku kiti na suki nusu.

Mangaribi nilimwambia Kasonde. Alinishika mukono, alisema usiseme kwa muntu yeyote, hata Julienne, hata padri. Alisema: "Ni mama yetu."

Yetu! Alisema yetu.

Kazi ine, 4/3

Nafundisha kama sergent. Sasa haiko juu ya mafungulo, ni juu ya maisha. Vijana bakiingia bamuulize "mama, kwenu wapi?", jibu litoke pale pale. Kwa hiyo: nasema Kamina, namugusa bega ya kuume, tunageuka pamoja, mwili muzima, kama dansi. Kabongo! Tena. Kabongo! Anachoka. Analia kidogo. Namupatia ndizi, tunaanza tena. Masœur hangefurahi.

Kama miye niko, anageuka. Nikienda ku soko nikirudi, tunaanza upya: Kaniama, Luputa! Na haiko Luputa ile ya mwanzo, kavu. Sasa anaongeza. Papa yake ni Kabeya. Nyumba iko nyuma ya misioni. Kuna daraja ndogo ya miti. Sielewe ugonjwa hii. Kila kintu inamunyanganya — jina yangu inamunyanganya — lakini Luputa inamuongezea!

Kasonde alipandishwa. Chef de service! Mwenye kiti alikuwa Mukasai, alikimbia na batoto, kiti kilibaki moto. Alivaa kravati mupya. Nilipika kuku. Hakukula mingi.

Kazi tatu, 10/3

Kamio ya kwenda Kasumbalesa ilikufa hata mbele ya Whisky, barrière ile ya kutoka mu muji. Nilirudi na miguu, na matusi yangu yote.

Nilipitia nyuma, mu kamba za nguo. Salaula ilikuwa imeanikwa, mashuka ya hoteli ya Bazungu, makubwa. Nilisikia sauti ya Kasonde. Sauti muzuri, ya polepole, ile yenye nilijisifu nayo mu avenue yote.

"Mama mukwe. Lubumbashi?"

"Napanda. Nakaa chini, nashika mufuko."

"Likasi?"

"Sishuki."

"Tenke, Bukama?"

"Sishuki. Nakula mukate."

"Kamina? Kamina bantu mingi batashuka, batakuvuta."

"Sishuki. Napita."

"Vizuri sana, mama. Kaniama?"

"Sishuki."

"Luputa?"

"Nashuka!" Niliona mikono yake juu ya shuka, yote mibili yulu, kama mutoto mwenye kushinda mupira.

"Unasema nini ukishuka?"

"Miye ni Agnès, mutoto wa Kabeya, nyuma ya misioni. Nilirudi."

"Na bakiuliza Laurentine?"

"Laurentine anakuya nyuma."

Nilisimama na mashuka ku uso. Train yangu! Bukama yangu, Tenke yangu, mbuzi zangu zote nilifunga miye — alizifungua moja moja na alizipeleka kwingine.

Nilitoka. Nilisema jina yake tu. Na Kasonde aligeuza uso. Vile vile, vile alikuwa anageuza kwa mama mukwe miaka yote, mabega na shingo. Lakini kwa mama hakugeuka. Aligeuka kwa miye.

Mama alifurahi: "Mama wa nguo anafika! Mupatie kiti."

Kasonde aliongea akiangalia ukuta. Ku kazi, bakubwa baliita kila muntu mumoja mumoja: mu nyumba yako kuko nani? Alijibu: mama mukwe, wa Luputa.

"Ungesema Kabongo!"

"Balikuwa banatafuta chef mwenye hafiche kintu."

Ile tu. Hakujaribu hata kudanganya vizuri! Kisha maneno ilimwagika: bamemupatia mpaka mwisho wa mwezi asafishe nyumba, akikataa, biro inakwenda, na vijana banaingia na petroli, kuko batoto bane, mama hata hajue iko wapi, kule atakuwa na bantu yake, Papa Osée ataondoka na train ya kwanza na anakubali kumushika mukono mpaka Luputa. Yote tayari. Mukate tayari.

"Na miye?"

"Weye ungelia."

"Ningelia, ndiyo! Ni mama yangu!"

"Njo ile. Ungelia, ungeenda kupiga makelele kwa kila muntu, ungetuua bote. Nilichagua batoto, Laurentine."

"Ulichagua kiti."

Alinipiga? Hapana. Hajawahi. Alifungua kravati, aliifunga tena. Mama alinyoosha mukono alimusaidia kunyoosha fundo. "Iko muzuri," alimwambia. "Mutoto muzuri hivi, bibi yako anabahatika."

Kazi ine, 11/3

Masœur Léonie alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema iko na chumba kidogo nyuma ya dispanseri, ya kuweka mashuka ya bagonjwa. Nimulete siku ya posho, mangaribi, bantu bakiwa ku maombi. Hakuuliza mama ni wa wapi. Aliuliza tu: choo, rangi gani?

Nililia pale kwa kijani.

Mu nyumba nanyamaza. Miye! Kasonde anafikiri nilikubali. Julienne aliuliza kama niko na malaria.

Posho, 13/3

Naandika juu ya goti, ku gare. Bantu kila pahali. Mabache ya kufunika, masufuria, mashine ya kushona, mulango muzima wa nyumba — muntu alitoa mulango yake aondoke nayo.

Asubui nilienda kutayarisha chumba kwa masœur. Nilifunga kitambaa ya kijani, nilitandika. Nilirudi kuchukua mama: kiti tupu. Mufuko hakuna. Mutoto mukubwa alisema papa alikuya na kamio ya kazi, alimubeba nkambo mu mikono kama bibi-arusi, na nkambo alikuwa anacheka. Nani alimwambia Kasonde ni lelo? Hakuna. Train njo ilifika. Majuma inangojewa, na inafika lelo!

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki ku rond-point, Madame Présidente na mguu moja.

Nilimukuta. Anakaa juu ya mufuko, kitenge ya yenga, rozari ku shingo, na bantu bamemuzunguka. Anabasalimia mu Tshiluba, bote banajibu. Anauliza mumama moja juu ya mutoto wake mugonjwa, anamuita kwa jina. Muntu amemujua tangu saa kidogo tu! Anashika jina! Kwangu alikuwa anapoteza hata kijiko.

Papa Osée alisimama alivua kofia. Nilimwambia: weye, na karanga yangu ulikula. Hakujitetea. Alisema alimujua tangu zamani, tangu siku mama alifika mu avenue, kwa namna anasalimia. Hakusema juu mama mwenyewe hakutaka. Alisema bwana yako alinililia, binti yangu. Tena alisema: nilifikiri, hapa banamufundisha bongo, uongo tu, kule atakuwa muntu.

"Kule kuko nani? Mama yake alikufa. Kabeya alikufa. Unajua hesabu, chef de gare! Kuko nani ku ile daraja?"

Alivaa kofia. Alisema: "Sijue."

Nilipiga magoti mbele ya mama. Nilisema mama, twende, kuko chumba, kuko masœur, kuko kijani. Alisema aksanti, lakini train yake iko hapa. Nilijaribu — Mungu anisamehe — nilimugusa bega ya kuume. Kamina, mama. Tunageuka. Kabongo.

Alitoa mukono yangu. Hapana na hasira. Vile unatoa mududu juu ya muntu bila kumuua. Alisema: "Mama, unachanganya. Kabongo ni kwa bwana yangu."

Sasa banapandisha. Ni wagon za kubeba shaba, hazina paa. Papa Osée aliweka mufuko yulu, aliweka mulango wa ile muntu kama ukuta juu ya upepo. Vijana banasimama ku lango na fimbo. Mwenye kuingia banamuacha, mwenye kutoka banamuuliza. Ningemubeba, ningepita nabo na kinywa yangu? Akiulizwa, atajibu. Atajibu vizuri sana.

Batoto bane bako nyumbani, na baba yabo ana ufunguo.

Mama anakaa pembeni ya wagon, miguu inatembea hewani. Ananiangalia niko naandika. Anasogea, anapiga mukono pa mbao karibu yake, pahali kiduchu. "Weye unashuka wapi?" ananiuliza.

Naangalia lango, naangalia mbao. Locomotive imepiga filimbi mara moja. Papa Osée ananinyooshea mukono, mukono uko pale, hauteremuke.

Niliandika mu mwanzo niko na bahati ya bwana. Bongo. Siku ile niliandika, Kasonde alikuwa amehama kitanda yangu tangu Noeli, na alikuwa anaongea na mama yangu juu hakutaka kuongea na miye. Nilijua. Bahati sikukuwa nayo.